Jiwe Jeupe la Jennet Magill

Akina Magill walikuwa na jibu moja kwa kila swali, na jibu lenyewe lilikuwa jiwe. Lilisimama safu ya pili ya makaburi yao, jeupe, kimo cha goti, na juu yake mwanakondoo amejilaza, pua imeliwa na mvua. Jennet, binti wa Robert na Martha Magill. Amelala mwaka 1859. Umri miaka mitatu.

Coy Ledford alichuchumaa mbele yake asubuhi ile ya Jumamosi, akalisoma, akalipapasa ubavuni kama mtu anayenunua ng'ombe. Jiwe halikumwambia zaidi ya lile lililomwambia jana.

"Umeona kwa macho yako," alisema Boyce Magill, ameegemea mpini wa jembe. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa makaburi yale, na ndiye aliyeshika ufunguo wa geti. "Mtoto wa miaka mitatu haolewi. Hahamii West Virginia. Hazai. Sasa yule mama wa Detroit anasema bibi wa mama yake ni huyu hapa. Kazaa na nani, na mwanakondoo?"

Wanaume wawili waliokuwa wakilima majani kwenye makaburi ya jirani walicheka. Jumapili ilikuwa ya kupamba, na Jumamosi yake ni ya kusafisha. Kila kaburi hulimwa, udongo ukakusanywa tuta jipya, ili kesho maua yapate pa kukaa.

Coy hakucheka. Alikuwa mpelelezi wa kaunti miaka mingi, na tangu aache kazi watu wa milima ile walimwita kwa mambo ya nani ni wa nani. Safari hii aliyemwita ni Nelda Stroud. Alikuwa amefika Jumatano kutoka Detroit, akiendesha gari nyuma ya gari lililobeba jeneza la mama yake, Leora. Maneno ya mwisho ya Leora kitandani yalikuwa mafupi: alazwe kwa akina Magill, kwa watu wa Bibi Jennet. Kwa masimulizi ya nyumba yao, Bibi Jennet huyo alizaliwa Magill, akaolewa na Doyle, mjenzi wa reli, wakahamia West Virginia. Na akina Magill walikuwa na sheria fupi vilevile. Pale hulala damu yao na waliooana na damu yao, basi. Mochwari ya mjini ilikuwa imeshasema: Jumatatu asubuhi, kama hakuna kaburi, jeneza linarudi kaskazini, likazikwe kwenye makaburi ya manispaa kati ya watu asiowajua.

Kwa hiyo palikuwa na Jumamosi, na Jumapili ambayo hakichimbwi kitu.

"Bwana Boyce," alisema Coy, "jiwe hili nani alilikata?"

"Nitajuaje? Nimezaliwa nimelikuta."

"Ni marumaru."

"Kwani mimi kipofu?"

"Mlima huu hauna marumaru."

"Hauna. Inatoka Georgia." Boyce alikohoa. "Ilipanda kwa treni."

"Treni ilifika lini bondeni?"

Hapo Boyce alinyoosha mgongo, maana hadithi ile ilikuwa mali ya nyumba yao. "Mwaka themanini. Babu yangu John aliifukuza ile ya kwanza kwa farasi mpaka darajani. Aliishinda pia."

"Mtoto alikufa hamsini na tisa."

Jembe likatulia. Boyce alitazama jiwe, kisha akamtazama Coy. "Watu huweka jiwe baadaye, Coy. Mtu anafiwa akiwa hana kitu, akipata uwezo anamkumbuka mtoto wake. Wewe baba yako si ulimwekea jiwe juzijuzi tu?"

"Kweli," alisema Coy. "Nilichelewa."

Akasogea hatua kwa kando. Kulia kwa jiwe jeupe palikuwa na jiwe la mtoni, la kijivu, limekwaruzwa kwa msumari herufi mbili: S M. Kushoto lingine, dogo zaidi: W M. Alijua ni nani hao, kila mtu bondeni alijua. Samuel na kichanga William, watoto wa Robert, waliochukuliwa na donda la koo majira ya baridi yaleyale.

"Watoto watatu, msiba mmoja, baba mmoja," alisema. "Akapata uwezo, akamkumbuka mmoja."

"Labda alimpenda zaidi."

"Labda."

Boyce alitema mate mbali na makaburi. "Sikiliza. Kila kiangazi anakuja mtu hapa na mti wa ukoo kwenye karatasi ya kukunja, ameuchora jikoni kwake. Huyu katoka Uskochi na mfalme, huyu katoka Ireland na shujaa, wote mwisho wao wanaangukia kwa Magill. Mwaka juzi alikuja mmoja anataka kuzika na mbwa wake. Kama unamtafuta huyo Doyle aliyemwoa Jennet wa uongo, nenda pale nje ya uzio, chini ya mwerezi. Wazee walisema kuna mgeni amelala pale. Usiniharibie watu kazi."

Coy alitoka nje ya uzio. Chini ya mwerezi palikuwa na tuta refu, limeota majani. Alilipima kwa hatua. Akatazama jua, akatazama makaburi ya ndani. Wafu wote wa Magill wamelazwa miguu mashariki, ili siku ya kuamka wasimame wakiliangalia jua. Huyu wa nje alikuwa amekatiza, kichwa kaskazini. Tena alikuwa mpana mno. Coy alikata kijiti, akakichomeka pale kama alama, akarudi garini.

Nelda alikuwa amekaa kiti cha mbele, mikono juu ya mapaja, mkoba juu ya mikono. Alikuwa hivyo tangu saa moja.

"Umepata?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayeuliza kama basi limepita.

"Nimepata swali. Twende kwa Bibi Zora."

"Ni nani?"

"Mama yake alikuwa Agnes, binti mkubwa wa Robert. Hakuna aliye hai anayekumbuka nyuma kuliko yeye. Umekula?"

Nelda alifikiri. "Sikumbuki," alisema.

*

Bibi Zora alikuwa barazani, ana beseni la maharage mabichi miguuni, anayatunga kwenye uzi kwa sindano ili ayaanike kwa ajili ya baridi. Hakuinuka. Umri ule mtu haamkii wageni, wageni ndio humwamkia.

"Coy Ledford! Bado wanakuruhusu kutembea peke yako?"

"Wamenisahau, Bibi."

"Na huyu ndiye mtoto wa Detroit. Sogea hapa nikuone. Una pua ya kina Magill?" Akamshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga. "Huna. Bahati yako. Pole kwa mama."

"Asante," alisema Nelda, akakaa alipoonyeshwa.

"Bibi," Coy alianza, "chini ya mwerezi, nje ya uzio, amelala nani?"

"Boyce ndiye amekutuma?"

"Ndiye."

"Amelala Duke."

"Duke nani?"

"Duke nyumbu. Nyumbu wa mjomba wangu John. Mjomba alilia siku tatu, kwa mkewe alilia moja." Bibi alivuta uzi kwa meno. "Wazee walisema ni mgeni kwa sababu waliona haya. Mpelelezi mzima unafukua nyumbu!"

Coy aliking'oa kijiti kile akilini. Njia moja imefungwa. "Basi nieleze habari za Jennet."

Sindano iliendelea kupita katika maharage. "Kitendawili," alisema bibi.

"Bibi, sina muda wa..."

"Kitendawili!"

"Tega," alisema Coy.

"Kaburi moja, misiba miwili."

Coy aliinua macho. Kwenye paa njiwa alikwaruza, akaacha. "Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Nakupa Knoxville."

"Nimekwenda Knoxville, nimefika, wamenikaribisha kwa mkate wa mahindi na maziwa mgando. Nimekuta watu wote wana akili zao, isipokuwa askari mstaafu mmoja aliyekuwa akichumbia nyumbu." Akaweka sindano chini. "Jibu nalijua, lakini silitoi. Mama yangu Agnes aliniapisha nikiwa msichana, naye aliapishwa na baba yake. Kinywa changu hakitasema. Wewe una chako."

Kumbe mwenye ushahidi alikuwa amefungwa mdomo na marehemu. Coy alikuwa ameshahoji watu wengi wa namna hiyo. Hawavunjwi, wanazungukwa.

"Tuyaache ya Jennet," alisema. "Nifundishe desturi tu. Binti wa kwanza kwenu hupewa jina la nani?"

"La mama wa mama yake. Hata kuku wanalijua hilo."

"Wa pili?"

"La mama wa baba."

"Mama yake Robert aliitwa Jennet."

"Jiwe lake si lipo kichwani mwa safu. Naye alipewa la bibi yake, na huyo la bibi yake. Linaruka kizazi, linatua kinachofuata, hivyohivyo mpaka Pennsylvania, mpaka Ireland ya kaskazini, na kabla ya kuvuka maji mpaka Uskochi."

"Sasa mtoto mwenye jina akifa mdogo, jina linakwenda wapi?"

Bibi Zora alimtazama kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye faida. "Linakwenda wapi? Bibi mwenyewe yuko hai, amekaa kando ya moto, anasubiri kuitika. Utamwambia jina lake limezikwa? Jina halizikwi, mwanangu. Anapewa anayefuata kuzaliwa."

"Hata kama kaburi la wa kwanza bado bichi?"

"Ndiyo, hata kama bado bichi."

"Kwa hiyo Robert na Martha, kama walipata binti baada ya donda la koo..."

Bibi aliokota sindano. Alichagua harage, akalitazama ncha zote mbili, akalitunga. Hakusema ndiyo, wala hapana. Coy aliandika kichwani: hakukana.

Lakini hiyo ilikuwa nusu. Hata kama Jennet wa pili alizaliwa, nani wa kusema ndiye aliyekuwa bibi wa Leora? Majina ya Jennet yalijaa milima ile kama uyoga.

"Nelda," alisema, "nitajie watoto wa huyo Bibi Jennet wenu. Kwa mfuatano wao."

Nelda aliwataja kama mtu anayesoma bei sokoni. "Patrick. Martha, huyo ndiye bibi yangu. Kisha Robert. Wa mwisho Haslett."

Uzi ukasimama.

"Rudia huyo wa mwisho," alisema Bibi Zora.

"Haslett. Mama alimwita Mjomba Hass. Alifia mgodini."

"Nani kakufundisha jina hilo?"

"Hakuna. Lilikuwa jina lake tu. Mama alisema hakulipenda."

"Umesoma wapi? Kwenye jiwe gani?"

"Sijasoma jiwe lolote, Bibi. Getini hawajaniruhusu."

Coy alisubiri. Kazi ile ilikuwa imemfundisha kusubiri kuliko kuuliza. Bibi kizee aliweka maharage yote chini, akajifuta mikono kwenye aproni, kidole kwa kidole.

"Hilo sikuliapia," alisema. "Hilo nitalisema. Haslett ni ukoo wa Martha, mke wa Robert, kabla hajaolewa. Jiwe lake limeandikwa Magill tu. Walikuwa nyumba moja ya Haslett bonde zima, wakahamia Missouri kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, wakaisha. Hapa hakuna anayejua jina hilo ila mimi. Hata Boyce halijui. Na desturi yetu, mwanamke humpa mtoto wake wa kiume jina la ukoo wa mama yake, ili upande ule usizame." Akamwangalia Nelda kwa muda. "Mwanamke aliyempa mtoto wake jina hilo alilelewa na Martha. Nipeni mkono. Nipandisheni huko juu."

*

Walimpandisha kwa gari hadi getini, kisha kwa kiti, Coy upande mmoja na mwanamume mmoja jirani upande mwingine. Boyce alipowaona alivua kofia kwa ajili ya bibi, akaivaa kwa ajili ya Coy.

"Nataka kuchimba chini ya jiwe jeupe," alisema Coy. "Shubiri chache. Sitagusa mtoto."

"Umeingiwa wazimu. Kesho ni kupamba."

"Nikikosa nitafukia, nitapanda majani kwa mkono wangu, na Jumatatu maiti inaondoka. Hutanisikia tena."

"Na ukipata?"

"Ukiona utajua."

Boyce alimgeukia Bibi Zora. Bibi alikuwa anatazama milima. "Mwache achimbe, Boyce. Mimi ni mzee, jua linanipiga."

Coy alipiga magoti. Alitumia kijiko cha bustani, akachimbua taratibu upande wa mbele wa marumaru, akitenga udongo kwenye gunia. Wanaume waliacha majembe yao wakaja kusimama. Nelda alisimama nyuma yao, nje ya uzio, maana hakuna aliyemwambia aingie. Kijiko kikagonga. Coy alifuta kwa kiganja. Jiwe jeupe halikusimama kwenye udongo. Lilisimama juu ya jiwe jingine, la kijivu, la mtoni, lililolazwa kifudifudi kama msingi.

Aliingiza vidole chini yake akapapasa. Kisha akamwita Boyce, akamshika mkono, akauingiza shimoni.

"Papasa."

Boyce alipapasa. Uso wake haukubadilika. "Msumari," alisema.

"Herufi gani?"

"J." Mkono ukasogea. "M."

Coy alikung'uta magoti. Alizungumza kwa sauti ya mahakamani, bila kupanda wala kushuka. "Watoto watatu walikufa, baba akawawekea mawe matatu yanayofanana. Hilo hapo la tatu. Baadaye, mwaka wa treni, alilikuta limesimama miaka ishirini, akaling'oa, akalilaza uso chini, akapanda jeupe juu yake. Mtu haweki jiwe jipya kwa sababu hiyo ndogo ya kupata uwezo, halafu akawaacha wawili kando na mawe ya mtoni. Aliliweka kwa sababu mwaka ule alikuwa na Jennet mwingine wa kumzika."

"Nani kafa mwaka ule?"

"Hakuna. Ndiyo maana hakuna kaburi jingine. Treni ilikuja na wajenzi wa reli, Waairishi, Wakatoliki. Mmoja aliitwa Doyle. Jennet wa pili, aliyezaliwa baada ya donda la koo akapewa jina la marehemu dada yake, aliondoka naye. Robert alikuwa mzee wa kanisa la Kiprotestanti, na kwake binti aliyemfuata Mkatoliki ni maiti. Watu wakimuuliza Jennet yuko wapi, alinyoosha kidole hapa. Tarehe ni ya kweli, umri ni wa kweli, mtoto ni wa kweli. Hakusema uongo hata neno moja. Waliojua walikatazwa kusema, wakafa. Likabaki jiwe, nanyi mkaliamini."

Aliwaeleza na habari ya Haslett. Hakuna aliyecheka safari hii. Boyce alimgeukia bibi.

"Bibi Zora. Ni kweli?"

"Nimeapa," alisema bibi. "Lakini kitendawili changu kimeteguliwa, sina kingine."

"Babu yangu John alijua?"

"Alikuwa kaka yake. Alimbeba mgongoni."

"Na hakusema."

"Baba yao alikuwa hai. Alipokufa, walikuwa wameshazoea."

Boyce alisimama pale. Kwa miaka yote ya maisha yake alikuwa ameweka maua kwenye jiwe lile, na baba yake kabla yake, wakimlilia mmoja kwa machozi ya mwingine, na hakuna kati yao aliyejua. Alitoa kitambaa akajifuta udongo mkononi. Akakikunja. Akakirudisha mfukoni. Halafu akaenda uzioni, akafungua geti kwa upana wake wote.

"Ingia," alimwambia Nelda.

Nelda aliingia. Alitazama shimo dogo, kijiko, jiwe ndani ya udongo. "Ndiyo au hapana?" aliuliza.

"Ndiyo," alisema Coy.

"Sawa," alisema Nelda. Hakulia. Alihamisha mkoba kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

Boyce alionyesha mahali kando ya Agnes, kivuli kinapofika mchana. Akampeleka mtu mmoja mochwari kusema jeneza lije leo kabla jua halijazama. Wengine wakaanza kupima kwa kamba, kichwa magharibi, miguu mashariki. Walihitaji mikono, kwa kuwa udongo wa pale ni mfinyanzi. Boyce Magill alikuwa amechimbia nusu ya bonde lile kwa mikono yake, hakuna jirani aliyefiwa asimwone na beleshi begani. Coy alichukua mabeleshi mawili kutoka nyuma ya lori lililosimama getini, moja akabaki nalo mkononi, la pili akamnyooshea Boyce.

Boyce alilitazama beleshi. Hakulipokea.

"Nani hapa si damu yetu?" aliuliza kwa sauti. Wanaume wawili wa jirani waliinua mikono. "Basi chimbeni nyinyi. Na wewe, Coy. Kwetu mfiwa hachimbi kaburi."

Akaenda kwenye majani alipokuwa amesimama Nelda, akaketi chini kwa taabu, mguu mmoja kwanza, akapiga ardhi kando yake kwa kiganja.

"Nifanye nini mimi?" Nelda aliuliza.

"Hakuna. Kaa na sisi."

Nelda akakaa. Coy akatema mate mikononi, akaanza kuchimba.